Fedha za mtoano wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wazazi, wanafunzi na wapenzi wa michezo wanaotaka kuelewa fedha za mtoano wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani, unaojulikana kwa kifupi kama CFP. Wengi husikia mabilioni yakitajwa kwenye taarifa za michezo, kisha wanashangaa kuona chuo kilekile kikiwatoza wanafunzi mchango wa michezo. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na sababu zake zinaeleweka ukifuatilia fedha zinaingia mfuko wa nani na zinatoka mfuko wa nani.

CFP ni nini hasa?

Ni mashindano ya mtoano yanayoamua bingwa wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, katika daraja la juu la vyuo vikuu. Yalianza msimu wa 2014 yakiwa na timu nne, na yakachukua nafasi ya mfumo wa BCS uliokuwa ukizikutanisha timu mbili tu kuwania ubingwa. Fainali ya kwanza ilichezwa tarehe 12 Januari 2015 huko Arlington, Texas, ambapo Ohio State iliifunga Oregon 42 kwa 20. Tangu msimu wa 2024 timu zimekuwa 12. Nne za juu huvuka moja kwa moja hadi robo fainali, na nane zilizobaki hucheza raundi ya kwanza katika viwanja vya vyuo vyenyewe.

Je, fedha hizi ni za NCAA?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. NCAA inasimamia ubingwa wa karibu kila mchezo wa vyuo, lakini futiboli ya daraja la juu haimo. CFP inamilikiwa na ligi za daraja hilo pamoja na Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambacho katika futiboli hakina ligi. Ligi hapa maana yake ni kundi la vyuo vilivyoungana kucheza pamoja na kuuza haki za matangazo kwa pamoja. Zenye nguvu ni SEC, Big Ten, ACC na Big 12.

Mzizi wa jambo hili ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1984, iliyoiondolea NCAA mamlaka ya kuuza matangazo ya futiboli kwa niaba ya vyuo vyote. Kuanzia hapo vyuo na ligi zikawa zinajiuzia zenyewe. NCAA imebaki ikiendeshwa zaidi na mashindano ya mpira wa kikapu ya mwezi Machi. Hata hivyo, kesi zinazohusu wachezaji wa futiboli na bima ya majeraha makubwa huiangukia NCAA, wakati faida ya mtoano inapita pembeni. Tume ya Knight, chombo kinachofuatilia michezo ya vyuo tangu 1989, imelalamikia hali hii kwa miaka mingi, na mimi nakubaliana nayo. Anayevuna angepaswa kubeba gharama za shamba.

Fedha zenyewe zinatoka wapi?

Kwa sehemu kubwa zinatoka ESPN, kampuni ya televisheni ya michezo. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa miaka 12, wenye thamani ya karibu dola milioni 470 kwa mwaka. Mkataba mpya wa miaka sita unaoanza msimu wa 2026 ni wa dola bilioni 7.8, yaani bilioni 1.3 kila mwaka. Viingilio na wadhamini vinaongeza kiasi fulani, lakini bila televisheni hakuna mtoano wa aina hii.

Timu ikiingia kwenye mtoano inalipwa kiasi gani?

Tuchukue msimu wa 2024, wa kwanza wenye timu 12. Kila timu iliyoingia ilileta dola milioni 4. Iliyofika robo fainali iliongeza milioni 4 nyingine, nusu fainali milioni 6, na fainali milioni 6. Timu nne zilizovuka bila kucheza raundi ya kwanza zilihesabiwa milioni 8 tangu mwanzo. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa milioni 20. Nje ya hapo, kila raundi ilikuwa na milioni 3 za kulipia gharama za safari na maandalizi.

Angalia neno "ilileta". Fedha hizo hulipwa kwa ligi, si kwa chuo.

Kwa hiyo Ohio State, mabingwa wa msimu ule, hawakupata milioni 20?

Waliziletea Big Ten milioni 20. Ligi hiyo ilikuwa na timu nne katika mtoano: Ohio State iliyochukua kombe, Penn State iliyofika nusu fainali, Oregon iliyotolewa robo fainali, na Indiana iliyotolewa raundi ya kwanza. Ukijumlisha 20, 14, 8 na 4 unapata milioni 46. Big Ten ina wanachama 18. Ukigawa sawasawa, kila chuo kinapata kama milioni 2.5, pamoja na vile ambavyo timu zao zilimaliza msimu zikiwa hoi.

Linganisha na Notre Dame, waliofungwa na Ohio State 34 kwa 23 katika fainali ya Atlanta tarehe 20 Januari 2025. Kwa kuwa hawana ligi ya kugawana nayo, milioni 20 zote zilikuwa zao. Aliyefungwa fainali aliondoka na fedha nyingi za mtoano kuliko bingwa! Lakini usikimbilie kusema Notre Dame ndio wajanja: wenzao wa Big Ten na SEC wanapata mgao mkubwa wa matangazo ya msimu wa kawaida kila mwaka, timu ishinde ishindwe.

Mfano wa tatu ni ACC, ambayo iliamua kwamba fedha za mafanikio ziende zaidi kwa timu iliyozitafuta. Uamuzi huo uliisaidia sana SMU ya Dallas. Chuo hicho kilijiunga na ACC mwaka 2024 kwa sharti zito, la kutopokea mgao wa matangazo ya ligi kwa miaka tisa. Wafadhili wake matajiri walichanga dola milioni 100 ndani ya siku chache kuziba pengo hilo. Mwaka huohuo wa kwanza timu iliingia kwenye mtoano, ikachapwa 38 kwa 10 na Penn State, lakini ikawa imepata kitu.

Mkataba mpya unagawanywa vipi?

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tulia kidogo. Kuanzia msimu wa 2026, SEC na Big Ten zinachukua karibu asilimia 29 kila moja. ACC inapata karibu 17, Big 12 karibu 15, na ligi zote ndogo kwa pamoja karibu 9. Notre Dame inapata kama asilimia 1 peke yake. Ukishusha hadi ngazi ya chuo kimoja, mwanachama wa SEC au Big Ten anatarajia zaidi ya dola milioni 21 kwa mwaka. Wa ACC anapata kama milioni 13, wa Big 12 kama milioni 12, na wa ligi ndogo chini ya milioni 2.

Maana yake ni kwamba kinachotajirisha chuo ni uanachama kuliko ushindi. Chuo cha Big Ten kisichonusa mtoano kwa miaka kumi kitapokea mara nyingi zaidi ya bingwa wa ligi ndogo aliyeingia mtoano kwa jasho lake. Ndiyo maana mwaka 2024 ligi ya Pac-12 ilivunjika, wanachama kumi wakahama kwa mkupuo. Walikuwa wanakimbilia mgao, na kombe lilikuja baadaye katika hesabu zao.

Kucheza mtoano kunagharimu nini?

Hesabu ya safari ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kuna wachezaji zaidi ya mia, makocha, madaktari, watunza vifaa, bendi ya matarumbeta, washangiliaji, na viongozi wa chuo pamoja na wenzi wao. Kuna ndege za kukodi, hoteli za siku kadhaa katika msimu wa sikukuu ambapo bei ziko juu, chakula cha watu wenye miili mikubwa, viwanja vya mazoezi na ulinzi. Zile milioni 3 za kila raundi ziliwekwa ili mambo haya yasiwe mzigo kwa chuo, na kwa timu nyingi zinatosha.

Zamani haikuwa hivyo. Mfano unaokumbukwa ni wa Chuo Kikuu cha Connecticut, kilichocheza Fiesta Bowl, moja ya mechi kubwa za mwisho wa msimu, tarehe 1 Januari 2011 huko Arizona chini ya mfumo wa BCS. Mkataba ulikilazimisha kuchukua tiketi 17,500. Mashabiki wa Connecticut wasingeweza kujaza nafasi hizo kwa safari ya kuvuka nchi nzima, tena wengi waliona tiketi zinauzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. Tiketi nyingi zikamdodea mwenye nazo. Timu ikafungwa 48 kwa 20 na Oklahoma, na chuo kikarudi nyumbani na hasara ya zaidi ya dola milioni 1.6. Ukisikia mtu anasema kuingia kwenye mechi kubwa ni faida tupu, mpe kisa hicho.

Je, kuwa mwenyeji wa raundi ya kwanza kunalipa?

Kidogo, na si kwa njia unayofikiria. Mechi ile ni ya CFP, si ya chuo, hata kama uwanja ni wa chuo. Mwenyeji halishiki pato lake kama anavyolishika katika mechi ya kawaida ya Oktoba. Na maandalizi yana gharama zake: Penn State, wenye uwanja wa Beaver unaoingiza watu zaidi ya 100,000, ilibidi waimarishe mabomba ya maji ya uwanja ili yasigande, kwa sababu haikuwa desturi kucheza pale mwishoni mwa Desemba.

Wanaofaidi papo hapo ni wenye hoteli, migahawa na baa za mji. Miji midogo ya vyuo hutegemea mechi sita au saba za nyumbani kwa mwaka, kwa hiyo ya ziada wiki moja kabla ya Krismasi, wanafunzi wakiwa wameshafunga, ni neema kubwa kwa mfanyabiashara. Chuo chenyewe kinapata heshima na dakika za televisheni.

Gharama kubwa kuliko zote ni ipi?

Ni ile ya kuutafuta mtoano mwaka mzima. Safari ya Januari ni chenji ukilinganisha nayo.

Anza na makocha. Mikataba yao ina bonasi kwa kila hatua: kuingia mtoano, kushinda robo, kushinda nusu, kubeba kombe. Wasaidizi wao nao wana bonasi. Halafu mafanikio yenyewe yanapandisha bei. Curt Cignetti alipoajiriwa na Indiana mwishoni mwa 2023, mkataba wake ulikuwa wa wastani wa chini ya dola milioni 5 kwa mwaka. Msimu mzuri wa kwanza ukiwa bado unaendelea ukapandishwa hadi karibu milioni 8, na Oktoba 2025 ukapanda tena kupita milioni 11. Kwa Indiana ilikuwa fedha iliyozaa, maana Januari 2026 walitwaa ubingwa wao wa kwanza.

Wengi hawana bahati hiyo. Novemba 2023 Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher wakiwa wanadaiwa fidia ya kuvunja mkataba ya zaidi ya dola milioni 75. James Franklin aliifikisha Penn State nusu fainali ya CFP Januari 2025. Oktoba mwaka huohuo alifukuzwa, na mkataba ukadai alipwe karibu milioni 50, deni ambalo lilipungua sana alipopata kazi Virginia Tech. Chuo cha Jimbo la Louisiana (LSU) nao walimwondoa kocha wao Brian Kelly mwezi huohuo, na mkataba wake ulidai zaidi ya milioni 50.

Mtoano wa timu 12 ulitangazwa kama nafuu, kwamba nafasi zikiwa nyingi presha itapungua. Ninavyoona, kinyume chake kimetokea. Zamani kocha aliyemaliza wa kumi alisamehewa kwa sababu nafasi zilikuwa nne. Sasa wa kumi na tatu anaonekana ameshindwa kazi, na wafadhili wanataka kichwa chake.

Wachezaji wanapata nini katika fedha hizi?

Kwa muda mrefu walipata ufadhili wa masomo, na si zaidi ya hapo. Mlango ulifunguka Julai 2021 waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao kwenye matangazo. Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliifungua dhidi ya NCAA, yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo wa 2025–26. Makubaliano hayo pia yanaagiza malipo ya dola bilioni 2.8 ndani ya miaka kumi kwa wanamichezo wa miaka iliyopita.

Kwa kipimo tu: kikosi cha Ohio State kilichobeba ubingwa wa msimu wa 2024 kilielezwa na uongozi wake kuwa kiligharimu kama dola milioni 20 za malipo ya majina na sura, zilizotoka kwa wafadhili na kampuni. Tazama namba ile tena. Ndiyo ileile ambayo mtoano mzima uliiletea Big Ten kwa mgongo wa Ohio State, ikagawanywa kwa vyuo 18.

Binafsi naona ni haki vijana hawa walipwe. Wao ndio wanaogongana vichwa. Lakini kila dola iliyoongezwa upande wa matumizi lazima itoke mahali, na mapato ya mtoano peke yake hayafiki huko.

Na familia za wachezaji?

Tangu fainali ya Januari 2015, CFP imekuwa ikisaidia gharama za safari za wazazi au walezi. Mwaka ule walipewa hadi dola 1,250 kila mmoja, wasiozidi wawili kwa mchezaji. Ni jambo dogo kwa bajeti ya CFP, na kubwa sana kwa mzazi wa kipato cha chini anayetaka kumwona mwanawe akicheza fainali.

Ni kweli kwamba ushindi huongeza maombi ya wanafunzi?

Ndiyo, kwa kiasi na kwa muda. Wamarekani hupenda kumtaja Doug Flutie wa Boston College, aliyerusha pasi ndefu ya sekunde ya mwisho dhidi ya Miami tarehe 23 Novemba 1984. Maombi ya kujiunga na chuo hicho yaliongezeka kwa karibu asilimia 30 ndani ya miaka miwili. Kinachosahaulika ni kwamba yalikuwa yanapanda hata kabla ya pasi ile, kwa sababu chuo kilikuwa kinajitangaza nje ya mkoa wake na kujenga mabweni.

Utafiti wa Doug Chung wa Harvard uliotoka 2013 ulikuta kwamba timu ikipanda kutoka hali ya kawaida hadi kuwa bora, maombi huongezeka kwa asilimia 17.7. Ili chuo kipate ongezeko hilohilo kwa njia nyingine, kingelazimika kushusha ada kwa asilimia 3.8. Huo ni ushahidi mzito. Ila mvuto wa ushindi hupungua kadiri misimu inavyopita.

Alabama ndiyo kesi yenye nguvu. Kocha Nick Saban alifika 2007 na akashinda mataji sita kabla ya kustaafu Januari 2024. Wanafunzi waliongezeka kutoka karibu 25,000 mwaka 2007 hadi zaidi ya 37,000 mwaka 2016, na zaidi ya nusu wakawa wanatoka nje ya jimbo, wale wanaotozwa ada kubwa zaidi. Fedha hizo zinaupita kwa mbali mgao wowote wa CFP. Lakini chuo hakikukaa kikisubiri kombe lifanye kazi peke yake. Kilituma maafisa wa udahili nchi nzima na kutoa ufadhili mnono kwa wanafunzi wenye alama za juu. Futiboli ilifungua mlango, na ofisi ya udahili ikawa tayari imesimama hapo kuwapokea wageni. Chuo kisicho na mpango kama huo kitapata shangwe ya wiki mbili.

Michango ya wahitimu je?

Huongezeka, lakini mingi huenda idara ya michezo: viti vya heshima uwanjani, majengo ya mazoezi, sasa na malipo ya wachezaji. Mhadhiri wa kemia asitarajie maabara kwa sababu timu imefika nusu fainali.

Chuo cha ligi ndogo kikiingia kinafaidika?

Kinafaidika zaidi kwa jina kuliko kwa fedha. Boise State ya Idaho iliingia mtoano wa 2024 ikiwa imepangwa nafasi ya tatu, ikavuka raundi ya kwanza, na kuiletea ligi yake ya Mountain West milioni 8 kabla ya kufungwa 31 kwa 14 na Penn State. Kwa ligi ya aina hiyo ni fedha za maana kweli.

Mwaka uliofuata James Madison ya Virginia ilifuzu ikafungwa 51 kwa 34 na Oregon. Chuo hiki ni mfano wa upande mwingine wa hesabu. Kwa miaka mingi kimekuwa miongoni mwa vyuo vinavyotegemea sana mchango wa lazima wa wanafunzi kuendesha michezo, zaidi ya dola 2,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mwanafunzi wa uuguzi anayefanya kazi usiku na asiyekanyaga uwanjani hulipa sawa na shabiki anayekaa mstari wa mbele. Kama timu ikishinda atajivunia, sawa. Lakini hakuna aliyemuuliza kama alitaka kununua fahari hiyo kwa mkopo wa miaka kumi.

Kwani idara za michezo hazijiendeshi?

Chache sana. Takwimu za NCAA za mwaka 2019, kabla ya korona kuvuruga hesabu, zilionyesha kwamba vyuo 25 tu vya daraja la juu viliingiza fedha nyingi kuliko vilivyotumia katika michezo. Vyote vilikuwa vya ligi tano kubwa za wakati ule, Pac-12 ikiwemo, hakuna hata kimoja cha ligi ndogo. Vingine vilijazia kwa ada za wanafunzi, fedha za mfuko mkuu wa chuo au ruzuku ya jimbo.

Timu ikiachwa nje inapoteza kiasi gani?

Florida State ilimaliza msimu wa kawaida wa 2023 na fainali ya ligi yake bila kufungwa, 13 kwa sifuri, lakini kamati ya CFP inayochagua timu ikaiacha nje ya timu nne kwa sababu kiongozi wake wa mashambulizi, Jordan Travis, alikuwa ameumia. Kwa malipo ya wakati ule tofauti kwa ligi yake ilikuwa milioni 2: milioni 6 kwa timu ya mtoano, milioni 4 kwa iliyocheza mechi kubwa ya nje ya mtoano. Si nyingi. Lakini hasira iliyozaliwa pale iliipeleka Florida State mahakamani dhidi ya ACC mwezi huohuo wa Desemba, kesi iliyomalizika kwa makubaliano Machi 2025. Kilichokuwa kinagombewa hasa ni haki ya kuhamia kwenye ligi yenye mgao mkubwa.

Hili linawahusu vipi wanamichezo wa Afrika Mashariki?

Linawahusu sana. Futiboli ndiyo inayolipia michezo mingine mingi ya vyuo, riadha ikiwemo, na riadha ndiyo njia iliyowapeleka vijana wetu huko kwa zaidi ya nusu karne. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui, aliyeiletea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow 1980, alikuwa mkimbiaji wa chuo cha Texas, El Paso. Edward Cheserek kutoka Kenya alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, na alikuwa hapo timu ya futiboli ilipocheza fainali ile ya kwanza ya CFP.

Sasa angalia kilichotokea Washington State. Pac-12 ilipovunjika, chuo hicho kiliachwa nje ya ligi kubwa, mapato yakaanguka. Juni 2025 kikatangaza kufuta michezo ya kurusha na kuruka katika riadha na kupunguza mbio fupi, kikabakiza nguvu katika mbio ndefu. Wakimbiaji wa masafa marefu wamenusurika safari hii. Kijana anayerusha mkuki kutoka Nandi au Mbulu, mlango ule umefungwa. Mzazi anayempeleka mtoto kwa ufadhili wa riadha aulize chuo kiko ligi gani na hali ya bajeti yake ikoje, kabla hajauliza rangi ya jezi.

Chuo kinaweza kujitoa kabisa?

Kinaweza. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa mwanachama wa Big Ten, na mchezaji wake Jay Berwanger ndiye wa kwanza kupewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mwaka, mwaka 1935. Mwaka 1939 kikafuta futiboli, kisha baadaye kikairudisha katika daraja la chini lisilo na ufadhili wa michezo. Hadhi yake kitaaluma haikutikisika.

Siku hizi ni vigumu zaidi. Alabama–Birmingham walifuta timu yao Desemba 2014 kwa kueleza kwamba gharama zimewashinda. Wanafunzi, wahitimu na wafanyabiashara wa mji wakaja juu, fedha zikachangwa, na ndani ya miezi sita uamuzi ukageuzwa. Timu ilirudi uwanjani 2017.

Nitajuaje chuo ninachotaka kusoma kinatumia kiasi gani kwenye michezo?

Anza na mchanganuo wa ada. Tafuta mstari wa mchango wa michezo. Wakati mwingine umefichwa ndani ya "mchango wa shughuli za wanafunzi", kwa hiyo andikia ofisi ya fedha na uulize kwa maandishi. Vyuo vya umma hupeleka NCAA ripoti ya mapato na matumizi ya michezo kila mwaka, na katika majimbo mengi sheria inamruhusu mwananchi kuiomba. Wizara ya Elimu ya Marekani nayo ina hifadhi ya takwimu za michezo kwa kila chuo, iko wazi mtandaoni bila malipo. Ukifungua ripoti, usiishie kwenye jumla ya mapato. Tafuta sehemu inayoonyesha ruzuku kutoka chuo na ada za wanafunzi, iondoe kwenye jumla, kisha ulinganishe kilichobaki na matumizi. Fanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, ukiwemo mwaka ambao timu haikufuzu popote.